Coulomb, mhandisi wa jeshi aliyeupima msuguano kwenye karakana ya meli

Mwaka 1779, katika mji wa Rochefort ulio kando ya mto Charente magharibi mwa Ufaransa, kapteni mmoja wa kikosi cha wahandisi wa jeshi aliomba nafasi ndani ya karakana ya kuunda meli za kivita. Hakuhitaji silaha wala wapiganaji. Alitaka mbao za mwaloni, vipande vya chuma na shaba, kamba, mafuta ya kulainishia na mawe ya mizani. Alikuwa na umri wa miaka 43, afya yake ilikuwa imedhoofishwa na maradhi ya nchi za joto, na swali lililomshughulisha lilionekana kama la mtoto: kitu kilicholala juu ya kingine kinahitaji kuvutwa kwa nguvu kiasi gani ndipo kiondoke?

Watu wa bandari hawakuhitaji kuelezwa uzito wa swali hilo. Meli ya kivita iliundwa nchi kavu, juu ya mteremko uliopakwa shahamu, na siku ya kuishua ilipowadia mamia ya tani za mbao yalitakiwa kuteleza hadi majini bila kukwama na bila kuponyoka. Nanga zilipandishwa kwa duara lililosukumwa na mabaharia kwa vifua vyao. Milingoti na mizinga iliinuliwa kwa kapi na kamba. Katika kila kifaa, sehemu ya jasho la watu hao iliishia kwenye msuguano, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni sehemu gani.

Kapteni huyo aliitwa Charles-Augustin de Coulomb. Leo wanafunzi wengi hukutana na jina lake katika somo la umeme, na wachache hujua kwamba kabla ya kuugusa umeme alikuwa ametumia karibu miaka ishirini akihangaika na udongo, mawe, mbao na kamba. Ukali wake wa kupima ulizaliwa huko.

Kijana aliyemkaidi mama

Coulomb alizaliwa Juni 14, 1736 katika mji wa Angoulême. Baba yake, Henry, alikuwa mtumishi wa serikali ya mfalme. Mama yake, Catherine Bajet, alitoka katika familia yenye uwezo. Familia ilihamia Paris, na kijana akasoma katika Chuo cha Mazarin, mojawapo ya shule bora za mji huo. Mihadhara ya mnajimu Pierre Charles Le Monnier ndiyo iliyomvuta kwenye hisabati.

Mama alitaka mwanawe awe daktari. Kijana alikataa, na ugomvi ukawa mkubwa kiasi kwamba mama akakata msaada wake. Wakati huo baba alikuwa amepoteza mali katika biashara za kubahatisha na kurejea kwao Montpellier, kusini mwa nchi. Coulomb alimfuata huko, akajiunga na jumuiya ya wanasayansi ya mji huo mwaka 1757, akiwa na miaka 20, na kusoma mbele yao maandiko yake ya mwanzo ya hisabati na unajimu.

Lakini hisabati peke yake haikumlisha mtu asiye na urithi. Jeshi lilikuwa na chuo cha wahandisi mjini Mézières, na humo kijana mwenye akili angepata elimu, cheo na mshahara. Aliingia mwaka 1760 na kuhitimu mwishoni mwa 1761. Mwalimu wake wa hisabati, padri Charles Bossut, alibaki rafiki yake na baadaye akawa mlango wake wa kuingilia katika Akademia ya Sayansi.

Miaka minane Martinique

Kituo chake cha kwanza kilikuwa bandari ya Brest. Mwaka 1764 akapelekwa Martinique, katika Karibea, kisiwa kilichoishi kwa sukari iliyolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Waingereza walikuwa wamekiteka mwaka 1762 na kukirudisha mwaka uliofuata kwa mkataba wa amani. Ufaransa haikutaka aibu hiyo ijirudie. Iliamua kujenga ngome kubwa juu ya kilima kinachoitazama bandari ya Fort-Royal, mji unaoitwa sasa Fort-de-France, na kazi hiyo akakabidhiwa luteni kijana asiye na uzoefu wa ujenzi wowote mkubwa.

Ngome ya Bourbon ilimshika hadi mwaka 1772. Gharama yake ilikadiriwa kufikia livre milioni sita. Kulikuwa na mamia ya wafanyakazi wa kusimamia, miamba ya kupasua, mahandaki ya kuchimba na kuta ndefu za kuzuia udongo usiporomoke. Wahandisi wenzake walikufa kwa homa mmoja baada ya mwingine. Coulomb mwenyewe aliugua mara kadhaa, na ingawa alirudi hai, hakuwahi tena kuwa na siha kamili.

Kisiwani humo alijifunza kutoviamini vitabu vilivyoandikwa mezani. Kanuni za ukubwa wa kuta, nyingi zikiwa zimerithiwa tangu enzi za Vauban, hazikueleza kwa nini ukuta husimama au huanguka. Nadharia za hisabati nazo zilidhani vitu havisuguani na udongo haushikani. Kati ya mambo hayo mawili alikuwepo yeye, na ukuta halisi mbele yake, na mvua.

Hata miili ya watu aliitazama kwa jicho hilo hilo. Katika andiko lake kuhusu nguvu za binadamu kazini, lililochapishwa miaka mingi baadaye, alieleza kwamba wanajeshi aliowasimamia Martinique, kwenye nyuzi 14 za latitudo, hawakuweza kutimiza hata nusu ya kazi ambayo watu wa namna hiyo waliifanya kwa siku nchini Ufaransa. Hakuwaita wavivu, kama wengi wa zama zake walivyozoea kusema juu ya watu wa nchi za joto. Alitaja joto na jasho.

Udongo unaoteleza juu ya udongo

Aliporudi Ufaransa alipangiwa kituo cha Bouchain, kaskazini, na mwaka 1773 akasoma mbele ya Akademia mjini Paris maandiko aliyokuwa ameyaandaa kwanza kwa matumizi yake mwenyewe. Yalihusu mihimili, nguzo, matao na kuta za kuzuia udongo.

Wazo lake kuhusu udongo lilikuwa jepesi kulifikiria na gumu kulihesabu. Ukuta unaposukumwa, alisema, kipande cha udongo nyuma yake chenye umbo la kabari hujaribu kuteleza juu ya udongo uliobaki. Kinachokizuia ni vitu viwili: kushikana kwa chembe zenyewe, na msuguano, ambao huongezeka kadiri uzito unaokandamiza pale unapoongezeka. Mhandisi anapaswa kuutafuta mteremko ambao juu yake kabari hiyo itausukuma ukuta kwa nguvu kubwa kuliko yote, kisha ajenge ukuta wa kuihimili. Wajenzi wa barabara za milimani na mabwawa bado wanaianza hesabu ya udongo wao kwa vitu hivyo viwili, na jina la Coulomb limo ndani ya kanuni wanayoitumia.

Mwaka 1774 Akademia ilimfanya mwandishi wake wa mbali, aliyeripoti kazi zake kupitia kwa Bossut. Miaka mitatu baadaye aligawana tuzo kubwa na Mholanzi Jan Hendrik van Swinden katika shindano la kuboresha dira za sumaku. Hapo pia adui alikuwa msuguano. Sindano ya dira ilisimama juu ya ncha ya chuma, na ncha hiyo iliizuia kugeuka kwa uhuru. Coulomb aliiondoa ncha, akaining'iniza sindano kwa uzi wa hariri. Uzi huo, kama itakavyoonekana, ulimfikisha mbali kuliko dira.

Fumbo la karne tatu

Akademia ilitangaza shindano jingine, safari hii kuhusu msuguano katika mashine na ugumu wa kamba, na ilidai majaribio ya ukubwa halisi yanayofaa vifaa vya jeshi la majini. Mara ya kwanza hakuna kazi iliyoridhisha. Shindano likaahirishwa hadi mwaka 1781.

Swali lenyewe lilikuwa la zamani. Karne tatu kabla, Leonardo da Vinci alikuwa amechora katika madaftari yake vipande vya mbao vikiburuzwa, vikiwa vimelazwa kwa upande mpana na kwa upande mwembamba, na akaona kwamba upande haukuleta tofauti: kilichoamua ni uzito. Hakuchapisha. Madaftari yakatawanyika, na elimu hiyo ikalala humo.

Ililazimu igunduliwe upya na Guillaume Amontons, Mfaransa aliyepoteza uwezo wa kusikia tangu ujana wake. Mwaka 1699 aliiambia Akademia mambo mawili. Kwanza, msuguano hukua sambamba na uzito unaokandamiza nyuso mbili: uzito ukizidishwa mara mbili, msuguano nao huzidi mara mbili. Pili, ukubwa wa eneo linalogusana hauongezi kitu. Jambo la kwanza halikumsumbua mtu. La pili liliwashangaza wanachama, kwa kuwa akili ya kawaida husema kwamba eneo kubwa hukamata zaidi. Wakataka majaribio yarudiwe, na yakampa Amontons haki. Alikuwa pia ameamini kwamba msuguano daima ni theluthi moja ya uzito, iwe chuma, shaba, risasi au mbao. Tatizo ni kwamba vyote alivipaka mafuta yale yale ya nguruwe, kwa hiyo huenda alikuwa akiyapima mafuta.

Kufikia wakati wa Coulomb, kila mhandisi alikuwa na theluthi yake au robo yake, na mashine zikaendelea kukataa kutii vitabu.

Meza ya Rochefort

Coulomb alipelekwa Rochefort kwa shughuli nyingine kabisa, kumsaidia markizi wa Montalembert kujenga ngome ya mbao tupu kwenye kisiwa cha Aix, karibu na hapo. Ulikuwa wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, na karakana zilifanya kazi bila kupumzika. Mwaka huo huo wa 1779 ilishuliwa hapo Hermione, meli iliyompeleka jenerali Lafayette ng'ambo ya Atlantiki mwaka uliofuata. Kulikuwa na mbao kavu za kila aina, mafundi, na kiwanda cha kamba cha mfalme chenye urefu wa mita 374. Kwa mtu aliyetaka kupima msuguano kama ulivyo kazini, hapakuwa na maabara bora zaidi Ulaya nzima.

Alitengeneza meza imara na nzito, akaweka juu yake kitu mfano wa gari lisilo na magurudumu. Chini ya gari aliweza kubadilisha nyuso: mwaloni juu ya mwaloni, mwaloni juu ya msonobari, chuma juu ya chuma, chuma juu ya shaba, mbao juu ya chuma. Juu yake alipakia mizigo, kuanzia ratili chache hadi maelfu ya ratili. Kamba ilipita juu ya kapi na kuning'iniza sahani, na ndani ya sahani aliongeza uzito mpaka gari lilipoondoka. Nyuso zilikuwa kavu, au zimepakwa shahamu mpya, au mafuta yaliyochakaa, au zimepanguswa zikabaki na unyevunyevu tu wa mafuta. Kila hali ilijaribiwa tena na tena.

Jambo la kwanza alilolitenganisha ni kuanza kwenda na kuendelea kwenda. Kila mtu aliyewahi kusukuma kabati sakafuni anajua kwamba kazi kubwa ni kulibandua. Likishaondoka huwa afadhali. Coulomb alilipa jambo hilo takwimu. Kwa mwaloni mkavu juu ya mwaloni, nyuzi za mbao zikielekea upande mmoja na mwendo, mzigo wa ratili 100 ulihitaji mvuto wa ratili 43 hivi kuubandua ulipokuwa umetulia kwa muda. Ukishakuwa mwendoni, ratili 10 na kidogo zilitosha kuushinda msuguano.

Maneno hayo, umetulia kwa muda, ndiyo yaliyomgharimu subira. Aligundua kwamba msuguano wa kitu kilichotulia si namba moja, bali hukua kadiri kitu kinavyokaa. Mbao juu ya mbao zilifikia kikomo chake baada ya dakika moja au mbili. Chuma juu ya chuma hakikubadilika: kilishika kwa nguvu ile ile mara tu kilipowekwa. Lakini mbao juu ya chuma ziliendelea kung'ang'ania saa baada ya saa, na hata baada ya siku nne nguvu ilikuwa bado ikipanda. Mtu angeweza kuanza jaribio Jumatatu na kuja kuona jibu lake Ijumaa.

Kisha likaja suala la kasi. Je, kitu kikienda haraka husuguana zaidi? Coulomb hakuwa na kifaa cha kupimia kasi papo kwa papo, ila alikuwa na saa na akili. Aliligawa umbali wa gari sehemu mbili zilizo sawa na kupima muda wa kila sehemu. Kama msuguano ungekua na kasi, gari lingezidi kuzuiwa kadiri linavyokwenda. Kama haukui, mwendo ungeongezeka kwa mpango ule ule wa jiwe linaloanguka, na nusu ya pili ya njia ingekatwa kwa muda usiofika nusu ya muda wa kwanza. Kwa mbao juu ya mbao na chuma juu ya chuma, saa ilitoa jibu hilo la pili: kasi haikuleta tofauti ya maana. Kwa mbao juu ya chuma kavu, ilileta. Msuguano uliongezeka pamoja na kasi.

Vitabu vingi vya shule hubeba sentensi ya kwanza kati ya hizo na kuiacha ya mwisho. Coulomb aliziandika zote mbili. Aliandika pia kwamba mbali na sehemu inayofuata uzito kulikuwa na kiasi kidogo kisichoufuata, alichokihusisha na kunatana kwa nyuso, na kwamba kiasi hicho hakionekani chini ya mizigo mikubwa lakini huleta makosa mizigo inapokuwa midogo. Baada ya nyuso bapa akahamia kwenye kamba, nyembamba na nene, mpya na kuukuu, nyeupe na zilizopakwa lami, akipima nguvu inayopotea katika kuzikunja tu kuzunguka kapi. Kisha kwenye mihimili ya magurudumu, na kwenye mwendo wa kubingiria.

Kazi hiyo, iliyoitwa nadharia ya mashine sahili, ilipata tuzo ya mwaka 1781. Mwaka huo huo Coulomb alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia na hatimaye akapata ruhusa ya kuishi Paris.

Vipimo sahihi, maelezo yenye kasoro

Kwa nini nyuso zikatae kuachana? Coulomb alidhani kwamba kila uso, hata uliolainishwa, una vinundu na mashimo. Nyuzi za mbao alizifananisha na manyoya ya brashi mbili zilizoingizwa moja ndani ya nyingine: ili kuzivuta, lazima manyoya yapinde. Kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyozidi kuingiana, ndiyo maana mbao hushika zaidi zikipewa muda. Chembe za chuma ni ngumu, hazipindi, kwa hiyo muda hauzisaidii.

Picha hiyo ni nzuri, na kwa sehemu kubwa si sahihi. Mwaka 1804, Coulomb akiwa bado hai, Mskoti John Leslie aliigusa pabaya. Kama msuguano ni kazi ya kupanda vilima vidogo vya uso mwingine, alihoji, basi kila kilima kina mteremko wake wa upande wa pili, na nguvu iliyotumika kupanda ingerudishwa wakati wa kushuka. Msuguano usingepoteza kitu. Lakini hupoteza, na mikono inayosuguliwa hupata moto.

Jibu lililo bora lilisubiri hadi karne ya 20. Mwaka 1939, Frank Philip Bowden na David Tabor huko Cambridge walipitisha umeme kati ya vipande viwili vya chuma vilivyogusana, na kwa kupima ulivyozuiwa wakakadiria eneo linalogusana kweli. Lilikuwa dogo mno kulinganisha na lile linaloonekana kwa macho. Nyuso mbili bapa ni kama milima iliyopinduliwa juu ya milima: vilele vichache tu ndivyo vinavyokutana, vinakandamizwa hadi kupondeka, na pale vinapopondekea vinashikamana. Msuguano ni nguvu ya kuvunja maungio hayo.

Hapo ndipo fumbo la Amontons lilipofumbuka. Uzito ukiongezwa, vilele zaidi hupondeka, na eneo la kweli la kugusana hukua sambamba na uzito huo. Eneo la nje likiwa pana, uzito ule ule hugawanyika kwa vilele vingi vyenye mzigo mdogo. Likiwa dogo, kwa vichache vyenye mzigo mkubwa. Jumla hubaki ile ile. Na kukua kwa msuguano kwa kadiri ya muda, jambo ambalo wasomaji wengi wa Coulomb waliliruka, lilionekana tena katika nusu ya pili ya karne hiyo miongoni mwa watafiti wa matetemeko ya ardhi, waliokuta kwamba miamba iliyotulia katika nyufa nayo huzidi kushikana kadiri inavyokaa.

Wiki moja gerezani

Umaarufu haukumlinda. Mwaka 1783 alitumwa Brittany kuchunguza mpango mkubwa wa mifereji na bandari ambao wakubwa wa jimbo walikuwa wameushabikia. Alikagua, akahesabu, akaripoti kwamba faida hailingani na gharama. Waliotaka kusikia jambo jingine walikasirika, na wizara mbili, ya majini na ya vita, zikavutana juu ya nani aliyekuwa na haki ya kumtuma. Mvutano huo ulimwangukia aliye mdogo kuliko wote. Novemba ya mwaka huo Coulomb alifungwa kwa wiki moja katika gereza la Abbaye mjini Paris. Alitaka kujiuzulu jeshini, hakuruhusiwa. Ripoti yake hakuibadilisha.

Inasimuliwa na walioandika habari zake kwamba watu wa Brittany walipoutambua ukweli walitaka kumtunza kwa ukarimu, naye akakubali kupokea saa tu, yenye mshale wa sekunde, akaitumia katika majaribio.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyolipeleka jina lake katika kila shule. Ule uzi wa hariri uliokuwa umebeba sindano ya dira ulimfanya ajiulize uzi huzuia kiasi gani unaposokotwa, na mwaka 1784 akaonyesha kwamba waya mwembamba hukataa kusokotwa kwa nguvu inayolingana na pembe ya msokoto. Kwa hiyo alikuwa na mizani isiyo na ekseli wala ncha, mizani karibu huru na msuguano. Mwaka 1785 aliitumia kupima jinsi vitufe viwili vyenye chaji ya umeme vinavyosukumana, na akaona kwamba nguvu hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali: umbali mara mbili, nguvu robo. Mwingereza Henry Cavendish alikuwa amelifikia jambo hilo kabla yake, akaliacha ndani ya karatasi zake hadi zilipochapishwa mwaka 1879. Kama Leonardo, alijua na hakusema.

Mapinduzi yalipokuja, Coulomb aliondoka jeshini mwaka 1791 akiwa luteni kanali. Akademia ilivunjwa mwaka 1793, na mwisho wa mwaka huo aliondolewa katika tume ya vipimo na mizani pamoja na Laplace, Borda na Lavoisier. Lavoisier aliuawa kwa gilotini miezi michache baadaye. Coulomb na rafiki yake Borda walikuwa wamejitenga mashambani karibu na Blois. Alirudi Paris mwaka 1795 kujiunga na taasisi mpya ya kitaifa ya sayansi. Kuanzia mwaka 1802 alikuwa mkaguzi mkuu wa elimu, akizunguka nchini kusaidia kuanzishwa kwa shule za sekondari za serikali, safari ambazo mwili wake haukuzistahimili. Mwaka huo huo alifunga ndoa rasmi na Louise Françoise LeProust Desormeaux, mama wa wanawe wawili. Alifariki Paris Agosti 23, 1806, akiwa na umri wa miaka 70.

Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme uliofanyika Paris mwaka 1881 ulikipa jina lake kizio cha chaji, na ni mmoja wa watu 72 ambao majina yao yameandikwa kwenye mnara wa Eiffel. Sheria za msuguano zimegawanywa: baadhi ya vitabu humpa Amontons, vingine Coulomb. Ngome ya Bourbon ingaliko Martinique, ikiitwa Desaix. Kiwanda cha kamba cha Rochefort kilichomwa moto mwaka 1944 na kukarabatiwa baadaye, na karibu nacho mafundi walitumia miaka mingi kuunda upya Hermione kwa mbao za mwaloni. Bodi yake iliingia majini mwaka 2012. Iliundwa ndani ya chelezo kikavu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mteremko wala shahamu. Maji yalifunguliwa yakaingia, ikaelea.